Mama Alipoufuata Mto Hadi Ziwani

Kwa miaka saba nilifundisha Ziwa Victoria bila kuligusa. Nilikuwa mwalimu wa jiografia na historia katika shule moja ya msingi karibu na Kapkatet, na kila muhula wa pili nilichora ramani ubaoni: hii hapa ghuba, huu mji wa Kisumu, hapa mto Sondu unaingia ziwani. Watoto walinakili. Wakiniuliza maji yake yana rangi gani, niliwajibu kuwa ni ya buluu, kwa maana ndivyo kitabu kilivyosema.

Ziwa lenyewe tulilijua kwa mvua yake. Asubuhi kwetu huwa na jua safi, wachumaji wanaingia shambani na vikapu mgongoni, na kufikia saa nane mawingu yanaanza kupanda kutoka magharibi, meusi chini na meupe juu. Saa tisa inanyesha. Mara nyingine huja na mvua ya mawe inayotoboa majani ya chai mpaka shamba zima linaonekana kama limeliwa na mbuzi. Mama yangu alikuwa akiyatazama mawingu yale, anajifunga kiunoni nailoni yake ya kujikinga na mvua na kusema kwa Kipsigis, "Ziwa limeamka." Hakuwahi kuliona kwa karibu. Alizaliwa karibu na Sigowet, akaolewa hukohuko, kisha yeye na baba wakahamia upande wa Kapkatet miti ya chai ilipoanza kugawiwa wakulima wadogo. Maisha yake yote yalikuwa kwenye miteremko hiyo.

Baba alifariki mwaka wa tisini na nne. Miaka miwili baadaye, siku ya kwanza ya likizo ya Agosti, mama alinikuta jikoni kwangu nikimenya viazi, akaketi kwenye kigoda na kuniambia kwamba anataka kwenda ziwani, na kwamba anataka twende sote wawili. Nilidhani anatania. Nilimwambia kaka yangu mkubwa anaweza kutupeleka Kisumu kwa gari, tukatazama maji na kurudi jioni. Alikataa. Alitaka kupitia Sigowet, ashuke kwa miguu hadi soko la Sondu, na kutoka hapo aufuate mto mpaka unapoishia.

Kaka zangu waliposikia hawakufurahi. Ilikuwa miaka michache tu tangu zile vurugu za mwanzoni mwa miaka ya tisini, ambapo nyumba zilichomwa pande zote mbili za mpaka kati yetu Wakipsigis na Wajaluo wa chini, na watu waliokuwa wakiuziana maziwa na samaki wakaogopana hata kusalimiana. Soko lilikuwa limefunguliwa tena, lakini watu wetu wengi walikuwa wakinunua haraka na kupanda milima kabla ya jua kukaza. Kaka mkubwa alizungumza kwa upole na kwa muda mrefu, akamweleza mama kuhusu usalama, kuhusu magoti yake, kuhusu umri. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia kikombe chai, kisha akamuuliza kama anaweza kumwazima mfuko wake wenye mikanda ya mabegani, maana alikuwa na mizigo ya kubeba.

Mizigo yenyewe ilikuwa kilo kadhaa za wimbi, pakiti nne za majani chai, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alichokisugua kwa mkaa wa mti kwa siku mbili. Nilimuuliza anampelekea nani. Alisema nitajua.

Tulilala Sigowet kwa binamu yake, na asubuhi tukaanza kuteremka. Kuna mahali ardhi inaachia ghafla, na kama hakuna ukungu unaona nchi yote ya chini: tambarare yenye rangi ya ngozi ya simba, na mbali kabisa mstari unaong'aa kama bati lililoachwa juani. Nilimwonyesha mama. Alisimama kidogo, akafunika macho kwa kiganja, akatazama. Tukaendelea kushuka kwa njia ya zamani, ile iliyokuwa ya watembea kwa miguu kabla ya barabara ya changarawe kukatwa. Mama alikuwa mbele. Mtu aliyezoea kuchuma chai kwenye mteremko hatembei kama wewe na mimi. Anaweka mguu upande, goti limelegea, na hatelezi. Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu mwenye viatu vya raba, nilianguka mara mbili.

Njiani alinieleza jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakishuka njia ile wakiwa wasichana, kila mmoja na mzigo wa wimbi mgongoni, kamba ya ngozi imepita kwenye paji la uso. Watu wa ziwani walipanda na samaki wakavu, chumvi, vikapu na vyungu. Pesa ilikuwepo, lakini vyungu vilibadilishwa kwa nafaka, na kanuni ilikuwa moja tu: ukitaka chungu, unakijaza wimbi hadi shingoni. Wimbi linabaki kwa mfinyanzi, chungu kinabaki kwako. Hakuna aliyeweza kumdanganya mwenzake, kwa sababu kipimo kilikuwa chungu chenyewe. Nilishika kichwa. Nilikuwa nimefundisha "biashara ya kubadilishana bidhaa" miaka saba kwa mistari mitatu ya kitabu, na mtu aliyeifanya alikuwa akinichemshia uji kila Jumapili.

Tulipofika kwenye kona moja, juu ya kijito chenye mawe meusi, mama alitua mfuko. Alinionyesha kipande cha ardhi chenye nyasi fupi, hakuna alama yoyote, akaniambia, "Ulizaliwa hapa."

Nilijua nilizaliwa njiani. Jina langu la Kipsigis linasema hivyo, na kila mtoto wa kwetu mwenye jina hilo anajua maana yake. Nilijua pia kwamba "mama mmoja wa sokoni" alisaidia. Zaidi ya hapo sikuwa nimewahi kuuliza, kama vile mtu asivyouliza nani alijenga nyumba anayolala.

Mama aliketi kwenye nyasi na kunieleza. Siku ile alikuwa ameshuka Sondu kubadilisha wimbi kwa chungu kikubwa cha maji, akidhani bado ana mwezi mzima. Mfinyanzi wake alikuwa mwanamke Mjaluo kutoka kando ya ziwa, mkubwa kwake kwa miaka kama kumi. Walikuwa wamefanya biashara misimu minne au mitano. Lugha yao ilikuwa Kiswahili cha sokoni, nacho kilikuwa kibovu kwa wote wawili. Mama akisema "bunguza kitoko" badala ya "punguza kidogo," mwenzake anaangua kicheko, na mwenzake akisema "samba" badala ya "shamba," mama naye anacheka. Mama alipojitwika chungu na kuanza kupanda, mfinyanzi alimwona akishika kiuno. Hakumwita. Aliwaachia wenzake vyungu vyake vyote, akanunua wembe mpya kwenye duka la pale njiani, akamfuata.

"Nilisikia nyayo nyuma yangu," mama alisema. "Nikageuka, nikamwona anapanda, anahema. Watu wa chini hawajazoea milima. Nikamuuliza, unaenda wapi? Akaniambia, naenda na wewe."

Nilizaliwa pale, kabla ya saa kumi. Yule mwanamke alinifunika kwa leso yake mwenyewe, akabeba chungu kichwani na mimi mkononi, akamwongoza mama hadi kwa nyanya yangu, mwendo wa saa moja na nusu kupanda. Alilala kwao. Mvua ilinyesha. Asubuhi alikunywa maziwa, akateremka.

Baada ya hapo walionana kila msimu, hata mama alipohamia Kapkatet. Kisha zikaja vurugu, na yule mwanamke hakuonekana tena sokoni. Mama hakumtafuta. Niliuliza kwa nini. Alivuta nyasi moja, akaitafuna.

"Niliona moshi kwenye ule ukingo wa mlima," alisema. "Wengine walikuwa vijana wetu, ninawajua mama zao. Sasa niende nimwambie nini?"

Hilo ndilo lililomweka nyumbani miaka minne. Baba alipofariki, akafikiri kwamba huenda na yule amekufa, na kwamba hata asipokuwa na la kusema ni bora aende akanyamaze mbele yake kuliko kunyamaza Kapkatet. Alisimama, akajitwika mfuko. Nilimwomba nimbebee. Safari hii alinipa.

Soko la Sondu siku ile lilikuwa limejaa. Upande mmoja wanawake wa kwetu na kabichi, maziwa na ndizi, upande wa pili wenzao na dagaa wa omena, samaki wa ngege waliokaushwa na mihogo. Katikati palikuwa na nafasi ndogo ambayo, niliambiwa baadaye, zamani haikuwepo. Mama aliivuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa wauza vyungu, akachuchumaa, akaanza kupitisha kidole kwenye shingo ya kila chungu. Muuzaji, mwanamke kijana aliyembeba mtoto, alimuuliza anatafuta nini. Mama alisema anatafuta chungu chenye alama tatu za kidole hapa, chini ya mdomo. Muuzaji alimtazama vizuri, kisha akamtazama tena. Akasema vyungu hivyo havipandi tena Sondu, lakini anamjua aliyekuwa akivitengeneza. Ni mama mzee, macho yamemshinda, anakaa na mwanawe karibu na mdomo wa mto, kabla hujafika Kendu Bay.

Kwa hiyo alikuwa hai. Mama alibaki amechuchumaa pale, mkono juu ya chungu cha mtu mwingine, mpaka nikamshika bega.

Yule muuzaji ndiye aliyetutafutia usafiri. Kulikuwa na lori la wafanyabiashara wa samaki lililokuwa likirudi chini na makasha matupu. Mama alipewa nafasi mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma pamoja na wanawake wanne waliokuwa wamekaa juu ya magunia. Mmoja alinisogezea gunia lake bila kuniuliza natoka wapi. Mto ulikuwa ukionekana na kupotea, mara chini kabisa kwenye bonde lenye miamba, mara karibu na barabara, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Kila tuliposhuka, hewa iliongezeka joto. Nilivua sweta, kisha kitambaa. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote ndani ya baridi bila kujua ni baridi.

Tulishushwa kwenye njia ya mchanga iliyokatiza kati ya mashamba ya mtama. Mvuvi mmoja alitupeleka. Kwanza nilisikia harufu, kisha kelele za ndege, kisha miti ikaisha na maji yakawa mbele yetu. Sitasema ni buluu. Karibu yalikuwa ya kahawia, mbele kidogo ya kijani, na mbali yalikuwa meupe kwa mwangaza kiasi cha kutotazamika. Kando kando yalifunikwa na gugu maji lenye maua ya zambarau. Mama aliyasifu yale maua, na mvuvi, aliyekuwa akipambana nayo kila siku, akamjibu kwa adabu kwamba akitaka achukue yote. Mama alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akachota maji kwa kiganja, akanywa kidogo na kuyatema. Alisema ni vuguvugu. Alisema hakujua ni mengi hivyo. Alikaa akiyatazama kwa muda ambao mvuvi alimaliza kuvuta sigara mbili.

Boma tuliloelekezwa lilikuwa na nyumba tatu na ua wa minyaa. Kwenye kivuli cha ghala aliketi mama mzee, mwembamba, mrefu hata akiwa amekaa, akipembua maharagwe kwa vidole. Meno yake ya chini ya mbele hayakuwepo, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wa kwao. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Mkwewe alitoka, tukasalimiana, akamwambia mzee kuna wageni. Mzee aliinua uso kuelekea upande wetu na kungoja.

Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Yale yote aliyoyapanga njiani, kama aliyapanga, hayakutoka. Mwishowe alisema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ndogo:

"Bunguza kitoko."

Vidole vya mzee vilisimama juu ya maharagwe. Akaangua kicheko, kicheko kikubwa kilichowatoa wajukuu ndani ya nyumba, na huku anacheka machozi yakawa yanamtoka. Alinyoosha mikono yote miwili. Mama alipiga magoti mbele yake na wakashikana mabega, mmoja akicheka na mwingine akilia, kisha wakabadilishana.

Walipotulia, mama alijaribu kusema lililomleta. Alianza habari za ule mwaka, moshi, vijana. Mzee alimkatiza.

"Wewe ulishika kiberiti?" aliuliza.

"Hapana."

"Na mimi sikushika. Basi kaa sini, nyamera. Utakula samaki."

Nyamera kwa lugha yao ni dada yangu. Nimesoma vitabu kadhaa vya historia kuhusu amani na vita, na bado sijaona hukumu iliyotolewa kwa maneno machache hivyo ikatosha. Kisha aliuliza huyu mwingine ni nani, mama akanisogeza mbele. Mzee alinipapasa uso, masikio, akashuka hadi mikononi. Alisema nilikuwa mzito tangu siku ile na kwamba mkono wake bado unanikumbuka.

Tulikuwa tumepanga siku mbili. Tulikaa nane.

Kila asubuhi walikwenda mtoni kuchimba udongo. Mzee alikuwa haoni zaidi ya kivuli na mwanga, lakini alimwongoza mama kwa miguu yake, akihisi njia. Pale mdomoni mwa mto unaona wazi maji ya kahawia yakiingia ndani ya yale ya kijani, na hayachanganyiki haraka, yanaingia kama ulimi. Mzee alichukua donge la udongo, akalivunja, akalinusa, akamwambia mama kwamba wafinyanzi wa pale siku zote walijua udongo wao unatoka juu. Mvua inauosha huko milimani, mto unauleta, wao wanaufinyanga, na wanaupandisha tena kuwauzia wenyewe. Mama alifikiri kidogo, akasema kwamba basi miaka yote hiyo amekuwa akinunua shamba lake mwenyewe. Walicheka mpaka wakaketi.

Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimelibeba ili niandike mambo ya historia, na siku ya kwanza niliuliza maswali ya kimwalimu: mwaka gani, ukoo gani, nani alitangulia. Majibu yalikuwa mafupi. Siku ya pili niliacha kuuliza, nikakanyaga udongo pamoja nao, na hapo ndipo mambo yalipoanza kutoka. Nilisikia jinsi watu wa pande hizo mbili walivyokuwa na siku maalumu za soko hata wanaume wao walipokuwa wakiibiana ng'ombe. Siku ya soko hakuna aliyemgusa mwanamke mwenye mzigo. Nilisikia kuwa mwaka wa njaa watu wetu walishuka na watoto wao, na mwaka ambao ziwa lilifurika, watu wa chini walipanda. Hayo hayakuwa kwenye kitabu cha darasa la saba. Nilikuwa nayasikia kutoka kwa wanawake wawili waliochafuka matope hadi viwikoni, wakisahihishana sarufi.

Mama alijifunza kufinyanga vibaya. Chungu chake cha kwanza kiliinama upande kama mlevi. Mzee alikishika, akakizungusha, akatafuta neno la heshima, akasema kitafaa kwa kuku. Lakini mkono wa mzee mwenyewe ndio ulionishangaza. Alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho, miaka mitatu, na mama alimlazimisha aanze tena. Alikunja udongo kama kamba, akaupandisha mviringo juu ya mviringo, akalainisha kwa kipande cha kibuyu, uso umeinuliwa kuelekea ziwani kana kwamba anasikiliza mtu huko. Chungu kilipanda sawasawa. Alipofika shingoni alibonyeza kidole mara tatu. Mkwewe, aliyekuwa akipika, aliacha mwiko ndani ya sufuria na kuja kusimama karibu nami.

Siku ya saba walitupeleka Simbi, lile ziwa dogo la mviringo lililo karibu na Kendu Bay. Maji yake ni ya kijani kizito na hayanyweki. Heroe walisimama pembeni, waridi kabisa, na mama akauliza kama wamepakwa rangi. Mzee alituketisha na kutuhadithia yanayosemwa na watu wa pale: kwamba palikuwa na kijiji kilichokuwa kikisherehekea, akaja bibi mmoja mchovu kuomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza. Ni mke mmoja tu aliyemkaribisha. Bibi akamwambia yule mke aondoke, na maji yakaja yakameza kijiji na ngoma zao. Mama aliuliza yule mke alikwenda wapi. Mzee alisema hadithi haisemi. Mama akasema kwamba hilo ni kosa la hadithi, kwa sababu yeye ndiye mtu wa kufuatwa. Nimelitumia jibu hilo darasani mara nyingi kuliko jambo lolote nililosoma chuoni.

Tulipoondoka, mama alimwambia mzee kwamba sasa ni zamu yake kupanda. Mzee alisema hawezi, haoni. Mama akasema, siku ile ulipanda ukiwa na chungu kichwani na mtoto mkononi, sasa utapanda mikono mitupu.

Alikuja Desemba, na mwanawe. Kaka yangu mkubwa, yule aliyehofia safari, ndiye aliyekwenda kuwachukua Sondu kwa gari, akawafungulia mlango na kumwita mzee "mama" tangu neno la kwanza. Baridi ilimpiga. Tulimvalisha sweta mbili na koti la marehemu baba, na bado aliketi karibu na moto akishangaa watu wanaishije mahali ambapo maji ya kunawa yanauma. Mama alimpeleka shambani, akamwekea viganja juu ya miti ya chai. Mzee alipitisha mikono juu ya ile miti iliyokatwa sawa kama meza, akaenda hivyo mstari mzima, akauliza nani aliipima. Mama alijibu kwamba ni macho tu. Mzee alisema ni kazi ya mfinyanzi.

Wiki hiyo madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitalini, na kaka alikuwa amesikia tangazo kanisani. Mzee hakutaka. Alisema macho yake yamekwisha kazi na hayadai kitu. Mama hakubishana naye, alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe anakwenda kupimwa na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Walikwenda wameshikana mikono. Jicho moja la mzee lilionekana linaweza kusaidika, likapasuliwa. Walipomfungua bandeji siku iliyofuata, mama alikuwa ameketi mbele yake kwenye benchi. Mzee alifumba, akafumbua, akainamisha kichwa kama kuku anavyotazama punje. Akamtazama mama muda mrefu.

"Umezeeka sana," alisema.

Mama alicheka mpaka muuguzi akatuomba tutoke nje.

Alikaa nasi wiki tatu zaidi. Jicho lilipopata nguvu alitaka kujaribu udongo wa Kapkatet. Majirani walikuja kutazama, wengine wakiwa na shaka machoni, mmoja akiwa mama wa kijana ambaye sote tulijua alikuwa wapi ule mwaka wa moshi. Huyo alisimama nyuma kabisa siku ya kwanza. Siku ya pili alileta maji ya kukandia. Siku ya tatu mzee alimwonyesha jinsi ya kukunja udongo, mikono yake juu ya mikono ya yule mama. Sijui kama mzee alijua ni nani. Mama yangu alijua, na hakusema. Vyungu vya kwanza vilipasuka vyote motoni, kwa sababu udongo wetu wa juu una mchanga kidogo tu. Vya pili, vitatu vilipona kati ya tisa. Yule jirani alipewa kimoja. Alikibeba nyumbani kwa mikono miwili, akitembea katikati ya barabara.

Mwisho wa Januari mzee alisema miguu yake inataka joto. Tulimsindikiza hadi Sondu kwa njia ile ile ya Sigowet, mama na mimi, tukimwacha mwanawe atangulie na mizigo. Alitembea mwenyewe akiitazama njia, akisimama kila mara kusema kwamba jiwe hili lilikuwa hapa, mti ule haukuwepo. Sokoni wauza vyungu wote walisimama kumlaki. Akapanda lori la samaki, mbele, akafungua dirisha na kumwambia mama alete wimbi jekundu, si lile jeupe, na awahi kabla ya mvua za vuli. Mama alimwambia apunguze masharti. Lori liliondoka.

Tulinunua omena ya mboga, tukaanza kupanda. Mama alikuwa mbele yangu kama kawaida, na njia nzima alikuwa akihesabu ni sehemu gani ya shamba angeng'oa chai mwaka ule ili apande wimbi jekundu. Alichagua ile ya chini, karibu na kijito, na mwezi uliofuata akaing'oa kweli, mistari minne, kaka zangu wakimtazama kutoka barabarani bila kuthubutu kumwuliza.